Majira yako ya kwanza ya baridi Oslo: anza kwa miguu Sognsvann, ski zitafuata

Kila ifikapo Novemba, ndugu zetu waliohamia Oslo karibuni huniuliza wafanye nini ili baridi isiwafungie ndani hadi Aprili, nami huwajibu kwamba wapande treni namba 5 mpaka kituo cha mwisho, Sognsvann. Mwendo mfupi kutoka kituoni lipo ziwa, na nyuma yake unaanza msitu wa Nordmarka, ambao ni wa miti ya jamii ya misonobari isiyopukutisha majani hata theluji inapoilemea. Njia ya kulizunguka ziwa ni ya kilomita 3 na ushei, karibu yote tambarare, na wazazi huipita wakisukuma vigari vya watoto. Ukitembea polepole, saa moja inatosha.

Nasisitiza kutembea kwa sababu mimi sikutembea. Majira yangu ya kwanza niliazima ski, yaani zile mbao ndefu nyembamba za kuvaa miguuni na kuteleza juu ya theluji, nikaingia nazo msituni moja kwa moja, nikiwa nimevaa fulana ya pamba, suruali ya jinzi na koti zito ambalo niliamini ndilo dawa ya nchi hii. Kilima cha kwanza kilinitoa jasho kama mtu anayelima saa sita mchana; nilipotua kunywa chai, jasho lile lilipoa ndani ya pamba, na nilirudi mjini nikitetemeka treni nzima. Pamba hushika maji, ilhali sufu huendelea kukupa joto hata ikiwa na unyevu. Kwa hiyo vaa sufu mwilini, koti jepesi la kuzuia upepo juu yake, na sweta la akiba liwe mkobani. Ukijisikia vuguvugu ukiwa umesimama tu kituoni, ujue umezidisha nguo.

Ukishaizoea njia hiyo kwa miguu, hapo ndipo utafute ski, wala usikimbilie kununua, kwa kuwa mpango uitwao BUA huazimisha vifaa bila malipo katika miji mingi ya Norwei. Omba zile wanazoziita felleski. Chini yake, katikati, zina ukanda wa manyoya mafupi yaliyolala kuelekea nyuma, hivyo huteleza unapokwenda mbele na kushika theluji unapojisukuma. Ski za aina nyingine hupakwa nta ambayo aina yake huchaguliwa kulingana na halijoto, na hiyo ni elimu ambayo wenyeji wenyewe hubishana juu yake. Fito za mkononi, zile za kujisukumia, zikufikie karibu na kwapa.

Njia za ski zina mifereji miwili myembamba iliyochongwa na mashine, na hapo mtembea kwa miguu hakanyagi kamwe. Mimi nilikanyaga kwa buti. Bibi mmoja mtu mzima alisimama, akaniuliza kwa upole kama niliiona ile mistari, kisha akalifukia shimo la unyayo wangu kwa ncha ya ski yake huku akinieleza kwamba likiganda litamwangusha mwenzangu. Tazama pia alama kwenye miti: nyekundu ni ya njia za ski, buluu ni ya njia za miguu za kiangazi. Kwenye mteremko, mwendo ukianza kukushinda, keti chini mapema kabla haujawa kasi, na ukishaanguka jivute nje ya mifereji kwanza, theluji utajikung'uta baadaye.

Desemba jua huzama mara tu baada ya saa tisa alasiri, hivyo ondoka nyumbani asubuhi, au ubaki kwenye njia zenye taa. Wenyeji hubeba machungwa na chokoleti. Mimi hubeba chupa ya chai ya tangawizi na chapati mbili, ambazo siku hizi huziweka ndani ya koti, karibu na tumbo, kwa maana mkobani hukakamaa kama ngozi ya ngoma kabla hujafika nusu ya ziwa.