Uliza Ujibiwe: Mbona mume wa malkia haitwi mfalme?

Maswali ya safari hii karibu yote yamekuja ya aina moja, naona watu wa Kigoma na Tabora mmeamua kuingia ikulu za watu, na kwangu ni raha tupu maana haya mambo nayapenda toka zamani. Haya twende.

SWALI: Habari za kazi ndugu. Juzi tulikuwa pale Mwanga tunasubiri gari la Kasulu, ukazuka ubishi. Charles alivyokuwa mfalme tu mke wake Camilla akaitwa malkia, sasa mbona Philip kakaa na Malkia Elizabeth zaidi ya miaka 70 na kafa bila kuitwa mfalme? Mmoja akasema ni kwa sababu alikuwa Mgiriki, mwingine akasema mke alimbania tu. Tumalizie huu ubishi. *Msomaji wa Mwanga, Kigoma*

JIBU: Ndugu yangu, wote wawili wamekosa. Ugeni si tatizo, Uingereza imeshakuwa na malkia wageni kibao waliotoka Ujerumani, Ufaransa, Denmark. Na Elizabeth hakumbania mumewe. Desturi yao ndo iko hivyo, mke wa mfalme anapanda na mumewe siku ile ile, haihitaji karatasi wala kikao, lakini mume wa malkia hapandi na mtu, anabaki na kile alichonacho mpaka mkewe aamue kumpa kitu.

Philip alizaliwa mwanamfalme wa Ugiriki na Denmark, vyeo hivyo akaviacha ili amuoe Elizabeth mwaka 1947, akapewa cheo cha Duke wa Edinburgh, na kuwa rasmi mwanamfalme wa Uingereza ni mpaka 1957, wakati mkewe ana miaka mitano kwenye kiti.

Sasa sababu yenyewe, na hapa naomba mnivumilie maana ndo penye utamu. Mwaka 1554 Malkia Mary wa Kwanza aliolewa na Philip wa Hispania (huyu ni Philip mwingine kabisa) na huyo mume akaitwa kweli mfalme wa Uingereza. Sura yake ikapigwa kwenye sarafu wakitazamana na mkewe, na kwenye nyaraka jina lake likatangulia la mwenye kiti! Bunge lilishaweka masharti kwamba Mary akifa na ufalme wa mume unaishia hapo, na 1558 Mary akafa kweli ukaisha, ila kabla ya hapo Uingereza ilishaburuzwa kwenye vita vya Hispania na Ufaransa, wakapoteza mji wao wa Calais kule Ufaransa. Ile iliwauma sana. Halafu 1689 akaja William wa Orange, Mholanzi, huyu alikataa katakata kukaa chini ya mkewe Mary wa Pili, ikabidi wote wawili watawazwe kwa pamoja, na Mary alipofariki 1694 William akaendelea na kiti peke yake mpaka 1702. Kwahiyo hofu yao haikuwa ya hewani, walishaona kwamba mwanaume ukimwita mfalme kesho anataka awe mfalme kweli.

Ndo maana hata Malkia Victoria, aliyempenda Albert wake mpaka basi, alitaka mumewe aitwe mfalme na wanasiasa wakagoma. Walioana 1840, cheo rasmi cha Mwanamfalme Mwenza akaja kumpa 1857, na miaka minne baadaye Albert akafariki. Philip hata hicho cha mwenza hakuwahi kupewa.

Kama mnataka kuona hali ilivyokuwa, tafuteni picha za kutawazwa kwa Elizabeth tarehe 2 Juni 1953. Philip anapanda ngazi za kiti, anapiga magoti mbele ya mkewe, anaweka mikono yake katikati ya mikono ya mkewe, anaapa kuwa mtu wake wa kufa na kupona, halafu anasimama anaigusa taji na kumbusu shavuni. Mume wa mtu huyo, kijana wa miaka 31 mwanajeshi wa majini, mbele ya dunia nzima. Mi huwa nikiiona namheshimu sana.

SWALI: Mi naona huo ni uonevu kwa wanaume. Kama mke wa mfalme ni malkia basi na mume wa malkia awe mfalme, ngoma droo. Au unaonaje? *Mama wa Kasulu*

JIBU: Shikamoo mama yangu. Kuna mzee alilia kilio hicho hicho maisha yake yote, naye ni Henrik, Mfaransa aliyemuoa Margrethe wa Denmark 1967. Mkewe akawa malkia 1972, yeye akabaki mwanamfalme, 2005 wakamwongezea cha Mwanamfalme Mwenza lakini bado moyo haukutulia, 2016 akakirudisha, na 2017 akatangaza kwamba kama hawakumpa usawa akiwa hai basi hata kuzikwa na mkewe kule kanisa la Roskilde hataki. Akafariki Februari 2018, nusu ya majivu yake yakamwagwa kwenye bahari ya Denmark na nusu yakawekwa kwenye bustani ya kasri la Fredensborg. Jamani, mtu kakataa kaburi kwa ajili ya cheo! Halafu mwaka 2024 Margrethe akamwachia mwanae Frederik kiti, na mkwe wake Mary, binti wa Tasmania huko Australia, akawa malkia siku hiyo hiyo bila kuomba.

Kwahiyo machungu ya Henrik nayaelewa, ila mama mimi naona anayedharauliwa zaidi hapo ni mwanamke. Hiyo sheria inakiri kabisa kwamba malkia akikaa pembeni ya mtu anayeitwa mfalme watu hawatamwona tena, hata kama kiti ni chake cha kurithi. Ningekuwa na uwezo ningefanya mwenye kiti tu ndo abebe jina la kiti, mwenza wake awe mke au mume aitwe mwanamfalme, basi, wote sawa. Na hili litarudi mezani tu, maana warithi wa kwanza wa Hispania, Sweden, Uholanzi na Ubelgiji sasa hivi wote ni wanawake, na yule wa Sweden, Victoria, tayari ana mume.

SWALI: Na kwa wafalme wa Kiislamu inakuwaje, mke ni malkia moja kwa moja? *Kijana wa Ujiji*

JIBU: Hapana mdogo wangu, kule mfalme mwenyewe ndo anaamua. Jordan, Abdullah alishika kiti Februari 1999 na Rania akatangazwa malkia Machi, ila mama mzazi wa Abdullah, Muna, hakuwahi kuwa malkia, ni binti mfalme tu. Morocco wake za wafalme walikuwa hata hawaonekani hadharani, mpaka Mohammed wa Sita alipomuoa Lalla Salma 2002 akampa cheo cha binti mfalme, si malkia.

SWALI: Umetuzungusha Ulaya yote, je sisi hatukuwa na vyeo? *Mwalimu wa Urambo, Tabora*

JIBU: Tulikuwa navyo mwalimu, na vingine vina akili kuliko vya wenzetu. Kwenu Unyamwezini mke mkuu wa mtemi ni mgole. Buganda mke wa Kabaka ni Nnabagereka, Sylvia Nagginda anacho toka ndoa ya 1999. Lakini sehemu nyingi za Afrika mwanamke mkubwa wa ikulu si mke, ni mama. Eswatini Ndlovukati ni mama wa mfalme, Rwanda ya zamani umugabekazi alikuwa mama wa mwami (yaani mfalme), na kwa Waashanti wa Ghana Asantehemaa anaweza kuwa mama au dada wa mfalme lakini si mkewe. Na Buha kwetu Mwami Theresa Ntare wa Heru, kule Kasulu, alikuwa mwanamke na aliitwa mwami kama mwami yeyote, kiti chake, jina lake.

SWALI: Nasikia huyo Philip aliwahi kufika kwetu, kweli? *Msomaji wa Ipuli, Tabora*

JIBU: Kweli kabisa. Wakati wa uhuru, Desemba 1961, alikuja Dar es Salaam kumwakilisha mkewe, na nyaraka za uhuru Nyerere alizipokea mikononi mwake. Na wengi hamjui kwamba Tanganyika ilipopata uhuru haikuwa jamhuri hapo hapo, kwa mwaka mzima mpaka tarehe 9 Desemba 1962 Elizabeth alikuwa Malkia wa Tanganyika kisheria, kwahiyo Philip naye alikuwa mume wa malkia wetu, na hata kwetu hakuwa mfalme.