Sindano na uzi wa kuanzia: majibu kwa wanaojifunza kufuma

Maswali yafuatayo yametoka kwa watu walioanza kufuma karibuni, na kwa wachache ambao bado hawajashika sindano. Nimeyafupisha, lakini sikubadilisha maana.

Nimekuta sindano za mwanzi, za mbao, za alumini, za chuma na za plastiki. Ninunue zipi?

Nunua jozi moja tu ya mwanzi au ya mbao, ya milimita 5, yenye urefu wa sentimita 30 hivi, na usiongeze nyingine mpaka umalize kazi yako ya kwanza. Sababu kubwa ni utelezi. Sindano ya chuma au ya alumini hupendwa na wafumaji wazoefu kwa kuwa vitanzi hukimbia juu yake bila kusukumwa. Mwanafunzi, ambaye kila baada ya muda mfupi huinua kazi kuitazama kama amekosea, hujikuta nusu ya mstari imekwisha kuchopoka na kuning'inia. Mwanzi na mbao hushikilia uzi kidogo, nao ushikaji huo mdogo unamtosha mtu ambaye vidole vyake bado havijazoea. Sindano za plastiki ni nyepesi, ila zile nyembamba hupinda.

Kabla ya kulipa, ipitishe sindano polepole kati ya vidole, kisha uguse ncha yake. Ncha butu mno haiingii kwenye kitanzi, na kali mno hupasua uzi. Ukishafika nyumbani ukagundua kwamba mbao ina mkwaruzo unaonasa uzi, msasa laini kabisa utaumaliza.

Wapo watakaokushauri uanze na sindano nene sana, za milimita 10 au zaidi, kwa hoja kwamba kazi itakwisha upesi. Sikubaliani nao, kwa sababu sindano nene huchosha viganja na kumzoesha mtu kufuma kwa mkono mzima badala ya vidole.

Sindano moja imeandikwa 8 na nyingine imeandikwa 8 vilevile, lakini hazilingani unene. Je, nimedanganywa?

Hukudanganywa. Namba za zamani za Uingereza huenda kinyumenyume, yaani namba ikiwa kubwa sindano huwa nyembamba, ilhali namba za Marekani hupanda pamoja na unene. Sindano namba 8 ya Uingereza ina milimita 4, na namba 8 ya Marekani ina milimita 5. Fuata milimita peke yake, na namba hizo nyingine uziache.

Nimepewa zawadi ya uzi mweusi wenye manyoya, laini kama paka. Naweza kuanza nao?

Uweke kabatini kwanza. Kufuma hujifunzwa kwa macho kabla ya vidole: unapaswa kukiona kitanzi, uone mguu wake wa mbele na wa nyuma, na uone sindano imepita wapi. Uzi mweusi humeza vivuli vyote vinavyotenganisha kitanzi na jirani yake, na manyoya hufunika kile kidogo kilichobaki. Mimi mwenyewe nilianza na uzi wa buluu iliyokoza, tena jioni, chini ya taa hafifu, na kwa wiki nzima nilifuma kwa kupapasa. Ubaya mwingine wa uzi wa manyoya ni kwamba ukikosea na kutaka kufumua, vinyweleo vinakuwa vimekwisha kushikana, nawe unavuta bila kupata kitu.

Tafuta uzi wa rangi moja iliyo nyepesi, kama maziwa, kijivu cha majivu au njano hafifu, uliosokotwa kwa nyuzi tatu au nne na ulio laini kuutazama. Ufungue kidogo kwa ncha ya kidole. Ukiachana mara moja na kuwa nyuzi mbalimbali, sindano nayo itauachanisha kila mara. Kwa unene, tazama lebo: uzi unaopendekezewa sindano za milimita 4.5 hadi 5.5 ndio unaokufaa.

Sufu, pamba au akriliki?

Sufu, kama haikuwashi ngozi. Nywele za kondoo zina mawimbi, kwa hiyo uzi wake hunyumbuka, husamehe kitanzi kilichobana na kile kilicholegea vikiwa bega kwa bega, na baada ya kuloweshwa na kutandazwa ukauke, vitanzi hivyo hukaribiana kwa ukubwa kiasi cha kumshangaza mfumaji mwenyewe. Jihadhari tu na maji ya moto pamoja na kusugua, maana sufu ya kawaida husinyaa na kugandamana, na hapo hairudi tena.

Akriliki ni chaguo zuri la pili. Kwa kawaida huwa nafuu na huvumilia kufuliwa mara kwa mara, ila usiipige pasi ya moto, kwa sababu joto huilaza na kuitoa unyumbufu wake. Pamba ningeiahirisha. Inafaa sana kwa vitambaa vya kufutia vyombo, kwa kuwa inafyonza maji, lakini hainyumbuki, na kila kosa la mkono hubaki limeandikwa juu yake.

Nilianza na vitanzi 20, na baada ya mistari kumi ninavyo 27. Vinatoka wapi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, nalo lina majibu mawili.

Jibu la kwanza liko mwanzoni mwa mstari. Ukigeuza kazi, uzi unaotoka kwenye donge unatakiwa uning'inie chini, upande wako. Wengi huuvuta juu, wakaupitisha juu ya sindano na kuuangusha nyuma, wakidhani wanauweka tayari. Uzi ukivutwa hivyo, kitanzi cha kwanza huinuliwa na cha mstari wa chini yake hupanda nacho, nyuzi mbili zikakaa juu ya sindano mfano wa miguu miwili. Macho yanaona vitanzi viwili, unafuma viwili, na mstari umeongezeka kimoja. Dawa yake ni kuushusha uzi chini ya sindano kabla hujaanza, kisha kuupeleka nyuma kwa kuupitisha chini, si juu.

Jibu la pili liko katikati. Uzi ukisahaulika upande wa mbele na wewe ukafuma kitanzi cha kawaida, uzi huo huzunguka sindano na kuwa kitanzi kipya, na chini yake hubaki tundu. Ukiona tundu dogo usilolikusudia, hilo ndilo chanzo. Hesabu vitanzi mwishoni mwa kila mstari mpaka ipite wiki moja bila hesabu kubadilika.

Vitanzi vyangu vinabana mpaka sindano haiingii.

Huenda unafumia kwenye ncha. Ncha imechongwa, ni nyembamba kuliko sindano yenyewe, na kitanzi kinachofungwa pale kinatoka kidogo kuliko kipimo. Kila kitanzi kipya kisukume mpaka kwenye sehemu nene ya sindano, ndipo uendelee. Kisha acha kuuvuta uzi baada ya kila kitanzi. Sindano ndiyo inayopima ukubwa, wala si nguvu ya mkono.

Natumia mkono wa kushoto. Je, nijifunze kinyume?

Si lazima. Mikono yote miwili hufanya kazi, na ipo namna ya kufuma ambayo uzi hushikwa na mkono wa kushoto, ambayo watu wengi wa mashoto huiona nyepesi. Ijaribu hiyo kwanza. Ukigeuza kila kitu, utalazimika kuyageuza pia maelekezo mengi utakayosoma.

Skafu yangu inajikunja kingo kama gome la mti. Niipige pasi?

Pasi haitasaidia kwa muda mrefu. Umefuma upande mmoja kwa vitanzi vya mbele (vile vya kawaida, uzi ukiwa nyuma ya kazi) na upande wa pili kwa vitanzi vya kugeuza (uzi ukiwa mbele ya kazi), na kitambaa cha namna hiyo hujikunja kwa umbile lake, hata akikifuma bingwa. Kwa skafu ya kwanza fuma vitanzi vya mbele katika kila mstari, pande zote mbili. Kitambaa kitalala kimetulia na kitafanana mbele na nyuma.

Kipande cha majaribio kina umuhimu gani? Naona ni kupoteza uzi.

Kwa skafu, kiache. Kwa sweta, usithubutu kukiacha. Tuseme maelekezo yanataka vitanzi 22 katika sentimita 10, na sweta ina vitanzi 220 kuzunguka kifua: itatoka na sentimita 100. Mkono wako ukiwa mlegevu kidogo tu, ukapata vitanzi 20 katika sentimita 10, sweta hiyohiyo itatoka na sentimita 110. Fuma kipande kinachozidi sentimita 10 kila upande, kifue, kikauke, ndipo upime katikati yake. Vitanzi vikiwa vichache mno, chukua sindano nyembamba zaidi; vikizidi, chukua nene.

Ninunue madonge mangapi?

Hesabu mita, usihesabu gramu, kwa kuwa gramu 100 za uzi wa unene wa kati hukaribia mita 200, na gramu 100 za uzi mwembamba wa soksi hufika kama mita 400. Angalia pia kwamba madonge yote yana namba moja ya mkupuo wa rangi, yaani yametiwa rangi pamoja, kwenye lebo, maana rangi yenye jina lilelile hutofautiana kutoka mkupuo hadi mkupuo, na tofauti hiyo huonekana mchana hata kama dukani haikuonekana. Ukilazimika kuchanganya, fuma mistari miwili kwa donge la zamani na miwili kwa jipya kwa kupokezana, ili mpaka kati ya rangi hizo mbili usijichore kifuani.