Maswali na majibu: majina ya dubu

Nimesoma kwamba Warusi humwita dubu "medved", yaani "anayejua asali". Ni kweli?

Maana yake ni "mla asali". "Med" ni asali, na sehemu ya pili inatokana na kitenzi cha kale cha kula. Wengi hupotezwa na ile "v", kwa sababu "ved" inafanana na neno la Kirusi la kujua. Lakini Kisanskriti, lugha ya kale ya India yenye undugu na Kirusi, kina "madhvad", mla asali, lenye muundo uleule, na humo hakuna kujua kokote. Tafadhali, kabla hujalikata neno vipande, tafuta kwanza ndugu zake.

Kiingereza "bear" maana yake ni "wa kahawia". Je, hii haionyeshi kwamba Mrusi hutazama tabia, Mwingereza hutazama sura?

Haionyeshi. Swali hili naletewa mara kwa mara, na kila mara mwulizaji ameshajipa jibu. Lugha hizi mbili zina asili moja, na asili hiyo ilikuwa na jina lake la dubu, lililozaa "arktos" ya Kigiriki na "ursus" ya Kilatini. Kwa Wajerumani wa kale, ambao Kiingereza kimetokana na lugha yao, na kwa Waslavi, mababu wa Warusi, jina hilo likapotea. Mwaka 1906 mwanaisimu Mfaransa Antoine Meillet alieleza sababu: watu waliogopa kulitamka, wakampa mnyama jina la pembeni. Wanaisimu wengi wanakubaliana naye. Basi huyu alisema mla asali, yule akasema wa kahawia, na wote walikuwa wanakwepa jambo lilelile. Tena hiyo "kahawia" yenyewe ina wapinzani. Wapo wanaoona "bear" inatokana na neno la mnyama wa mwituni.

Sisi tulioonywa utotoni kwamba usiku hatutaji nyoka, tunasema kamba, tungelielewa hili upesi. Mgeni akiandika kwamba kwetu nyoka ni aina ya kamba, tutakasirika, na tutakuwa na haki. Tusiwafanyie wengine hivyohivyo.

"Bear" ya mnyama na "bear" ya kubeba ni neno moja?

Hapana. Yamekutana kwa sauti tu.

Na "dubu" letu?

Ni "dubb" ya Kiarabu. Porini kwetu hakuna dubu, kwa hiyo hatukuwa na sababu ya kumficha jina.

Kwa hiyo Mrusi wa leo bado anamwogopa dubu?

Akikutana naye msituni, ndiyo, kama wewe. Neno halimtishi: watoto humwita Misha, na kwa jina hilohilo alikuwa nembo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980.