Usikate ubao wa .303 ya babu yako

Ndugu yangu wa Nachingwea, umeeleza kwamba umerithi bunduki ya .303 (upana wa risasi yake kwa inchi) ya jeshi la Waingereza iliyokuwa ya babu yako, leseni imeshahamishiwa kwa jina lako, na sasa fundi amekushauri mkate ubao wa mbele, mfupishe mtutu na kufunga darubini ya kulengea, ili iwe nyepesi kwa kulindia shamba dhidi ya nguruwe pori. Mimi niliachiwa na marehemu baba bunduki ya aina hiyohiyo, iitwayo Lee-Enfield, hapa Nyangao, na yote hayo niliyafanya. Nakusihi usiyafanye.

Kabla ya kukatwa, bunduki ile kwa hatua mia moja iliweka risasi tano ndani ya duara la mfuniko wa sufuria. Baada ya kukatwa, risasi zilitawanyika kwa upana wa ungo, na kila mtutu ulipopata moto zilizidi kupotoka. Nililaumu risasi, nikalaumu macho yangu, hadi fundi mzee mwenye leseni alipoifungua mbele yangu na kunionyesha. Mtutu wa bunduki hii ni mwembamba, na waliouunda waliutegemeza kwa ubao. Karibu na mdomo, ndani ya ubao, hukaa kijiti kidogo cha chuma chenye springi, ambacho huusukuma mtutu juu ndani ya kofia ya chuma inayofunika ncha ya ubao, ili utetemeke kwa namna ileile kila risasi inapotoka. Ubao ulipokatwa, kijiti na springi vilikwenda pamoja nao. Kumbe nilichokiona kuwa mzigo ndicho kilichokuwa kinailengesha.

Kuhusu darubini, fahamu kwamba bunduki hii hujazwa kwa juu, risasi tano tano kwa klipu (kibanio cha chuma kinachozishika pamoja), hadi kumi. Ukiiweka darubini katikati unaziba njia hiyo. Waingereza wenyewe katika Vita ya Kwanza ya Dunia waliifunga upande wa kushoto. Isitoshe, tundu lililotobolewa kwenye chuma cha miaka mia halizibiki tena. Na fundi akikuambia anaweza kuibadilisha itumie risasi za milimita 7.62, zenye msukumo mkubwa zaidi, mkatalie kabisa: Wahindi walipotaka bunduki ya umbo hilo kwa risasi hizo, katika kiwanda chao cha silaha cha Ishapore, waliitengeneza upya kwa chuma imara zaidi.

Tazama pia bangili ya chuma inayoshika kitako, upande wa kulia. Yangu ina taji, herufi G.R. (za Mfalme George wa Uingereza) na mwaka 1916. Bunduki za aina hiyo zilibebwa katika mapigano ya Mahiwa kati ya Waingereza na Wajerumani, Oktoba 15 hadi 18, 1917, si mbali na ninapoandikia haya. Siwezi kudai kwamba ya baba ilikuwepo, lakini ninapousoma mhuri ule huwa naumia kwa kuwa sehemu nyingine yenye namba niliiondoa kwa msumeno.

Unachoweza kufanya bila kuharibu kitu ni kuvisha kitako soksi ya raba inayovuliwa, kubadilisha mkanda wa kubebea, na kupaka ubao mafuta ya kitani. Linganisha namba ya bolti (chuma kinachofunga nyuma ya risasi) na ya mtutu. Zisipofanana, usipige hata risasi moja kabla fundi mwenye leseni hajapima nafasi kati ya bolti na risasi. Ukitumia risasi za zamani za jeshi, suuza mtutu kwa maji yanayochemka siku hiyohiyo, kisha ukaushe na kuupaka mafuta, kwani chumvi za fataki zake (kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi) huleta kutu usiku mmoja. Na jambo lolote litakalogusa mtutu au namba, mwone kwanza afisa wa polisi anayeshughulikia silaha wilayani kwako.

Kama fundi ameshaifungua, mwombe akurudishie kila skrubu na ile springi ndogo ndani ya kopo moja. Springi hiyo ni ndogo kuliko punje ya korosho, na yangu ilifagiliwa pamoja na vumbi la mbao.