Kabla hujauza CD zako uhamie SACD, nisikilize kwanza

Juzi kijana mmoja kaniandikia inboksi, anasema kaka nimejichanga, nataka niuze CD zangu zote nihamie SACD, zile Super Audio CD zinazosifiwa kubeba sauti bora kuliko CD, maana naambiwa tofauti ni mbingu na ardhi, wewe mtu wa miziki unanishaurije. Nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Huyo kijana ni mimi wa miaka tisa iliyopita, sema mimi sikumuuliza mtu.

Shemeji yangu yuko Hamburg, akanitafutia deki ya SACD mtumba safi kabisa na diski sita. Bei siitaji hapa kwa sababu huyo huyo mke wangu anasoma. Nikaifunga sebuleni kwangu Tabata, nikaweka diski ya kwanza, jamani! Matoazi yanameremeta, besi imetulia, mwimbaji akivuta pumzi unamsikia. Basi ikawa kila Jumapili naita watu, nawakalisha kwenye kochi la katikati mmoja mmoja, nawaambia fumba macho usikilize. Majirani, wifi zake mke wangu, hadi mwalimu wa kwaya wa pale kanisani. Wote wakakubali tofauti ipo, na nani atambishia mwenye nyumba huku soda yake iko mkononi?

Miezi minane hiyo.

Siku moja spika ya kushoto ikaanza kukwaruza, nikamwita fundi redio. Akachuchumaa mbele ya deki, akapangusa vumbi kwenye kioo kwa kidole gumba, akatulia kidogo, halafu akaniuliza, "Mzee, mbona hapa panaandika CD?"

Hapo ndipo nilipojua. Diski nyingi za SACD zina tabaka mbili, moja inasomwa na deki yoyote ya CD, nyingine mpaka deki ya SACD. Ndiyo maana mwaka 2002 albamu za zamani za bendi ya Rolling Stones ziliporudishwa sokoni kwenye diski za aina hiyo, kuna watu walinunua wakijua wamenunua CD ya kawaida tu, na ilipiga vizuri bila tatizo. Sasa kwenye rimoti yangu kulikuwa na kitufe cha kuchagua tabaka, na tangu siku ya kwanza kilikuwa kimeachwa upande wa CD. Yaani miezi minane nahubiri ubora wa SACD huku nasikiliza CD. Fundi hakunicheka pale, alinichekea kijiweni, mtaa mzima ukajua. Aliyeniuma zaidi ni mwalimu wa kwaya, kanikuta dukani akaniambia, "Ungetuacha sisi tufumbe, wewe ufumbue." Mpaka leo nikimuona napita njia ya nyuma.

Nikasema sitakubali, lazima tofauti iwepo. Nikamwita binti yangu, nikampa rimoti na daftari, nikabandika karatasi kwenye kioo cha deki, nikageukia ukutani. Yeye anarusha sarafu, mwenge ni SACD na upande wa pili CD, mimi nataja. Mara 20. Nilipata 11. Ungemweka mbuzi pale angepata hizo hizo. Kuna diski moja tu nilikuwa naipatia karibu kila mara, nikaanza kuvimba kichwa, kumbe tabaka moja lilikuwa na sauti kubwa kidogo kuliko lingine, na sikio siku zote linadhani kikubwa ndiyo kizuri. Nilipoweka sauti zote mbili ukubwa sawa, ubingwa ukaisha.

Baadaye ndiyo nikasoma kwamba sikuwa mjinga peke yangu. Meyer na Moran, watafiti wa sauti wa Boston, walitoa matokeo ya jaribio kama langu mwaka 2007, lao la kitaalamu, watu wakapatia mara 276 kati ya 554, yaani sarafu tupu. Mwaka 2016 Joshua Reiss, mtafiti wa chuo kikuu cha Queen Mary, London, akajumlisha majaribio 18 ya watu mbalimbali, akakuta watu wanapatia asilimia 52.3, na waliofunzwa kusikiliza wanafanya vizuri zaidi. Kwa hiyo sisemi hakuna kitu kabisa. Nasema hicho kitu ni kidogo sana kuuzia CD zako.

Na CD yenyewe tunaionea. Ni biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani sauti inapimwa mara 44,100 kila sekunde, hiyo inabeba sauti nyembamba mpaka kama kilohezi 22, wakati sikio la mtoto mwenye afya linaishia 20 na letu sisi watu wazima chini ya hapo. Kile cha juu kinachobebwa na SACD ni cha mbwa na popo. Na zile biti 16 zinakupa kama desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, utulivu wote huo unaupeleka wapi wewe, feni inazunguka, bodaboda inapita dirishani, jogoo wa jirani hajui saa?

Utasikia tofauti ya kweli pale fundi wa studio aliposhughulikia muziki kwa namna mbili. Ile diski ya bendi ya Pink Floyd ya 2003, The Dark Side of the Moon, tabaka la CD lilibanwa likapigishwa kelele kuliko la SACD. Hapo unasikia mkono wa mtu, sio ukubwa wa namba. CD iliyotengenezwa kwa utulivu itaizidi SACD iliyotengenezwa kwa pupa, nakuapia.

Kwa hiyo kijana, ukitaka kutumia hela nunua spika. Mimi nilipozitoa zangu ndani ya kabati na kuzivuta mbali na ukuta, nikatandika kapeti, nikaning'iniza pazia zito, ndiyo siku niliyosikia muziki, na ilinigharimu kapeti tu. Spika kwanza. Watu wanakimbilia deki kwa sababu deki ina taa na maandishi ya kuonyesha wageni, mjifunze kusikiliza jamani, acheni kununua maandishi! Spika, halafu chumba, halafu spika tena.

Ile deki ninayo bado, nimeifunika kitambaa cha kudarizi. Na usiniulize kama naiuza, siiuzi.