Rubani Akinusa Moshi

Harufu ya kuungua ikiingia chumba cha marubani, wanaanza na nini?

Barakoa. Redio na cheklisti vitasubiri, na kumuuliza mhudumu kama kuna kilichoungua jikoni pia kutasubiri. Barakoa imekaa ubavuni mwa kiti na inavalika kwa mkono mmoja ndani ya sekunde 5. Swichi yake iwe kwenye oksijeni asilimia 100. Ikiachwa kwenye kawaida, inakuchanganyia oksijeni na hewa ileile chafu. Zifuate miwani, kisha maikrofoni ya barakoa, maana bila hiyo unampigia mwenzako kelele bure. Hapo mmoja anarusha ndege, mwingine anafungua cheklisti na kutangaza Mayday, wito wa hatari redioni, na pua ya ndege inaelekezwa uwanja wa karibu, chanzo kijulikane kisijulikane. Ndege ya Swissair 111, mwaka 1998: tangu harufu ya kwanza hadi kuanguka baharini pwani ya Kanada, dakika kama 21 tu. Anayetaka kwanza awe na hakika anazila dakika hizo.

Mbona barakoa za abiria hazishushwi moshi ukijaa?

Swali hili halichoki kurudi. Zimewekwa kwa ajili ya hewa nyepesi ya juu. Zinachanganya oksijeni na hewa ya kabini, kwa hiyo moshi utauvuta vilevile, na oksijeni hiyo hunenepesha moto. Inama, ziba pua kwa kitambaa kilicholowa.

Harufu ya soksi chafu ni hatari?

Inaweza kuwa. Katika ndege nyingi hewa ya kabini huchotwa kwenye kompresa za injini. Sili, yaani kizuizi cha oili, ikivuja, mvuke wa oili unaingia nayo na harufu hiyo. Vichujio vya kawaida vya kabini hunasa vumbi na vijidudu, gesi inapita. Kwa kuwa hakuna moshi wa kuonekana, marubani wengine hupuuza. Wasingoje kichwa kiume: akili iliyolewa mvuke haijijui kuwa imelewa.

Simu imezama kwenye kiti. Nikisogeze?

Usithubutu! Kiti kikiibana, betri ya lithiamu inaweza kuwaka. Mwite mhudumu. Ikishawaka, haloni, gesi ya kizimamoto cha ndege, inaua miali tu. Maji ndiyo yanayopoza seli zilizobaki. Nanyi mnaoficha pawabenki kwenye mizigo ya chini: huko hakuna mhudumu wa kuifikia.

Tukitua salama, nichukue begi langu?

Hapana. Ndege ya Air Canada 797, mwaka 1983, ilitua ikiwa na moto ndani. Milango ikafunguliwa, hewa safi ikaingia, na ndani ya sekunde 60 hadi 90 kabini nzima ikashika moto. Kati ya watu 46, 23 hawakutoka.