Draivu ya nje ya flopi kwa Amiga 500: anza na ile ya ndani

SWALI: Hujambo fundi. Marehemu mjomba alirudi kutoka Uingereza na kompyuta aina ya Commodore Amiga 500 pamoja na sanduku la diski. Imekaa stoo hapa Kisumu miaka mingi. Nikiiwasha naona mkono ulioshika diski, skrini ikiwa nyeupe. Draivu inalia tik, tik, tik. Nikitia diski mlio unakoma, taa inawaka kidogo, lakini mkono haubanduki. Nimenunua draivu ya flopi ya USB mjini, kumbe haina hata pa kuchomeka. Nitapata wapi draivu ya nje inayoingiliana na mashine hii? – Mwalimu, Kisumu

JIBU: Usimtumie mtu pesa bado, mwalimu. Hata ukipata draivu ya nje leo, haitaiamsha mashine yako. Mkono ule kwenye skrini nyeupe unaonyesha kuwa una Kickstart 1.2 au 1.3, yaani programu ya kuanzia iliyo ndani ya chipu ya ROM, nayo hutafuta diski ya kwanza mahali pamoja tu: draivu ya ndani, DF0. Ya nje huitwa DF1 na hutumika mashine ikishaamka. Wenye Kickstart 2.0 na kuendelea hushikilia vitufe vyote viwili vya mausi wakati wa kuwasha, wakachagua draivu wanayotaka. Wewe huna nafasi hiyo, labda uongeze kibao cha kubadilishana DF0 na DF1, kazi ya kufungua mashine na kung'oa chipu.

Hiyo ya USB irudishe dukani kama bado una risiti. Si suala la plagi peke yake. Draivu za USB zina ubongo wake unaoelewa diski za PC tu, za KB 720 na MB 1.44. Amiga hupanga sekta, yaani vipande vya data, 11 katika kila njia ya diski badala ya 9 za diski ya KB 720, ndiyo maana diski ileile hubeba KB 880. Hakuna kebo ya kutatua hilo.

Sasa habari njema: tik-tik uliyoisikia si ugonjwa. Amiga husogeza kichwa cha draivu kila mara kuona kama diski imeingia. Kwa kuwa mlio unakoma ukitia diski, draivu inapata stima, inaisikia mashine, na kihisio cha diski kizima. Ninayemshuku ni uchafu kwenye vichwa vya kusomea, au diski zenyewe.

Anza na diski. Sukuma kile kibati upande, zungusha kitovu cha chuma kwa kidole taratibu, huku umeinamisha diski kwenye mwanga wa dirisha. Uso wake uwe wa rangi moja pande zote. Ukiona madoa meupe yaliyofifia, hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wa huko ziwani sitashangaa ukiikuta kwenye nyingi. Ukiona mstari wa mviringo uliokwaruzwa, data ya hapo imekwenda. Diski yenye kuvu usiitie kabisa, maana itapaka uchafu kwenye vichwa, na diski nzuri itakayofuata nayo itaharibika.

Kisha chomoa umeme, fungua mashine, toa draivu. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti ya isopropili, ile kali ya asilimia 99 inayouzwa na wauza vipuri vya elektroniki, usugue vichwa polepole. Kichwa cha juu kimeshikwa na mkono wa springi mwembamba. Ukiuinua kupita kiasi unapinda, na hapo draivu imekwisha. Acha ikauke, kisha ujaribu diski iliyo safi.

Ikigoma bado, ushauri wangu ni Gotek kuliko draivu nyingine kuukuu. Ni kisanduku chenye ukubwa wa draivu ya flopi, kinachosoma nakala kamili za diski zilizohifadhiwa kama faili, ziitwazo ADF, kutoka kwenye fleshi. Nunua iliyokwisha kuwekwa programu ya FlashFloppy, weka jampa, kile kifuniko kidogo cha kuunganisha pini mbili, kwenye pini zilizoandikwa S0, uichomeke mahali pa DF0 kwa waya bapa uleule na plagi ileile ya umeme. Taa ikiwaka bila kuzima, waya umeugeuza.

Draivu ya kompyuta kuukuu ya ofisi, zile unazoweza kuzikuta Kibuye siku ya soko, inavutia kwa bei lakini haiingii hivi hivi. Pini ya 34 ya PC hutoa habari ya diski kubadilishwa, ilhali Amiga hutarajia hapo ishara ya kuwa draivu iko tayari. Kuifanya ya nje ni kazi zaidi, kwani inahitaji saketi ya kuiwasha mota na kujitambulisha kwa mashine, pamoja na plagi ya pini 23 ambayo ni adimu. Mafundi hukata ya pini 25 upande mmoja.

Ukiitaka ya nje kwa ajili ya kunakili diski, ulizia A1010 au A1011 za Commodore, au yoyote iliyoandikwa ya Amiga. Soko lake ni Uingereza na Ujerumani, kwa hiyo ongeza nauli na ushuru kabla ya kusema ni rahisi. Omba muuzaji akupigie video ikisoma diski. Draivu hiyo hunyonya umeme kutoka mashine yenyewe, kwa hiyo mpe fundi apime lile tofali la umeme kwanza: volti 5 na volti 12, mashine ikiwa imewashwa. Lenye umri huo likitoa 4.7 badala ya 5, draivu itasoma leo na kesho ikatae, nawe utailaumu bure.